Wakuu naomba ushauri: mpigaji wetu Alonso kaondoka, nichangie tiketi za msimu za Mets, timu ya besiboli ya hapa New York, au nitulie?

MtuWaQueens
Wakubwa shikamooni, wengine mambo. Niko New York mwaka wa sita, mtu wa Makete niliyeijua besiboli ukubwani. Kazini kuna Mdominika tunapiga naye zamu, ana viti viwili vya msimu Citi Field, uwanja wa Mets, juu kabisa kule kwenye upepo. Mwenzake wa kuchangia kahamia Florida, sasa ananitaka mimi, nusu kwa nusu. Mechi za nyumbani ni 81, kwa hiyo nabeba kama 40. Hela anaitaka Januari, na ndiyo niliyokuwa naiwekea bati za nyumba ya mama.

Ningetoa bila kinyongo, ila timu yenyewe siielewi. Juni 2025 tulikuwa tunaongoza ligi nzima, tumeshinda 45 na kupoteza 24. Tukamaliza 83 kwa 79, siku ya mwisho Marlins wakatupiga 4-0, mtoano tukausikia redioni. Siku hiyo nilikuwa kwenye basi, simu mkononi, nikapitilizwa vituo vitatu.

Sasa badala ya kuongeza, wanapunguza. Mchezaji wetu Nimmo wamembadilisha na Semien wa Texas. Díaz, mrushaji wetu wa kufunga mechi, kaenda Dodgers, miaka 3, dola milioni 69. Na Dubu wetu Pete Alonso, hom-rani (mpira unaopigwa hadi nje ya uwanja) 264, hakuna aliyepiga nyingi zaidi katika historia ya klabu, wamemwacha aende Baltimore Orioles kwa milioni 155, miaka 5. Klabu hiyohiyo Desemba 2024 ilimpa mpigaji Soto milioni 765! Mwenye kuelewa anieleze.

MzeeWaBronx
Na mrushaji Devin Williams tuliyemzomea huku Yankees mmemchukua nyie. Asanteni sana. Mezekeeni mama nyumba.

DadaWaPaterson
Mdogo wangu, achana na huyo wa Yankees. Nikuulize: unaikumbuka Juni 12? Alonso kaokota mpira, kamrushia Senga, mrushaji wenu, aliyekuwa anakimbilia besi ya kwanza, mpira ukaenda juu. Senga akaruka, akatua anashika paja. Mechi mlishinda, na hiyo 45 kwa 24 ni ya siku hiyohiyo. Baada ya pale Senga hakurudi yuleyule, Septemba alikuwa Syracuse, timu yenu ya daraja la chini, na watoto.

Simlaumu Alonso peke yake, aliwapigia hom-rani 38. Lakini mlishuka kwa kuwa hamkuwa na wa kurusha. Mlitumia warushaji zaidi ya 40 msimu mmoja! Kikosi cha siku ni watu 26, warushaji wasizidi 13, nyuma yao kuna orodha ya watu 40. Kijana ambaye bado ana nafasi ya kushushwa unaweza kumpeleka Syracuse leo na kumrudisha baada ya siku 15. Mkongwe huwezi: akiboronga, unakaa naye au unamwachia wengine wamuokote. Ndiyo maana Stearns, mkuu wa usajili wenu, anataka nafasi wazi, warushaji vijana kama McLean na Tong wapate pa kurushia.

Halafu kodi. Ukishavuka ngazi ya juu ya mishahara, na mmeivuka miaka mfululizo, kila dola 1 ya ziada inalipiwa kodi dola 1 na senti 10. Alonso wa milioni 31 kwa mwaka angemgharimu Cohen, mwenye klabu, kama 65. Mtu ana miaka 31, anacheza besi ya kwanza, na miguu hairudi nyuma.

MtuWaQueens
Dada nimekuelewa, ila Semien ana miaka 35! Huo ndio ujana?

DadaWaPaterson
Mkataba wake unaisha 2028, wa Nimmo 2030. Na msimu wa 2025 kachukua Glavu ya Dhahabu, tuzo ya mdakaji bora, besi ya pili. Kupiga, hapo nakubaliana na wewe, roho inanidunda.

Kisonge_NJ
Mnamjadili Semien wakati mtu kauliza habari ya hela. Mkuu, mimi nilichangia miaka miwili. Aprili usiku huko juu unakaa na blanketi, na tiketi ya Jumanne ya baridi hata ukigawa bure hupati mtu. Mdominika wako atachukua za Yankees na Dodgers zote, wewe ubaki na Marlins. Ukikubali, mchague tarehe kwa zamu, moja yake moja yako, iandikwe. Na wewe mtu wa zamu, mechi za saa moja usiku utaziona lini?

MtuWaQueens
Nimemfuata mapumziko ya saa sita. Nimemwambia nachukua mechi 12, kwa zamu, kuanzia Mei. Akacheka, akatoa kalenda mfukoni na kalamu, akazungushia ya Yankees kabla sijakaa. Nikamwambia sawa, ila inayofuata nachagua mimi: Orioles wakija kwetu 2026, siku hiyo ni yangu. Jezi ya Dubu bado ninayo.

MzeeWaBronx
Na bati?

MtuWaQueens
Bati zinaenda mwezi huu, mzee.