Klachi ya Triumph Bonneville ikipata moto: pleti za kawaida, pleti saba au mkanda?

Mwana_Likoni
Ndugu zangu, nina Triumph Bonneville T120 niliyoirithi kwa marehemu baba, na klachi yake husumbua injini inapopata moto. Mpwa wangu anarudi Mombasa kutoka Leicester mwisho wa mwezi, naye amekubali kunibebea spea zisizozidi kilo tano. Ninachagua kati ya pleti za kawaida, seti ya pleti saba badala ya sita, au kuondoa cheni inayounganisha injini na klachi na kufunga mkanda unaokwenda bila oili. Mngenishauri niagize ipi?

FundiWaTudor
Kaka, "husumbua" si jina la ugonjwa. Je, klachi inateleza, yaani injini inavuma na pikipiki haiongezi mwendo, au haiachii, yaani umeishika klachi lakini pikipiki bado inasukuma mbele na nyutro haipatikani? Hayo ni maradhi mawili yasiyotibiwa kwa dawa moja. Tena hukutaja mwaka. Kuanzia matoleo ya 1970 injini hizo hupumulia ndani ya kasha la cheni, kwa hiyo anayetaka mkanda mkavu hulazimika kwanza kuipatia injini njia nyingine ya kupumua.

Mzee_wa_Muttrah
Agiza pleti saba bila kusita. Mimi nimezifunga kwenye T120 yangu hapa Maskati, ambako kiangazi joto hupita nyuzi 45, na kwa kuwa msuguano umeongezeka nimeweza kulegeza springi hata mkono wangu wa kizee hauchoki.

BintiGereji
Shikamoo mzee. Kabla ya kaka kuagiza chochote, naomba asikie yaliyonipata Arusha. Niliamini giaboksi ya T120 yangu imekufa, kwa sababu kila nilipofika Usa River injini ikiwa imechemka, gia ya kwanza iliingia kwa kishindo cha nyundo juu ya bomba. Fundi mmoja akaniapia kwamba gia zimekwisha meno. Tukaishusha, tukabadilisha beringi na bushi, na niliporudi barabarani kishindo kilikuwa palepale. Tulipofungua mara ya pili ndipo nilipoichomoa fimbo inayopita katikati ya giaboksi kwenda kuzisukuma pleti, chuma chembamba kuliko penseli, nikakuta ncha yake imegeuka buluu na kutandazika kama kichwa cha msumari uliopigwa sana. Aliyeifunga kabla yangu hakuiachia nafasi ya kucheza, basi ikawa inasugua muda wote, joto likaiondolea ugumu, ikalika na kufupika, na fimbo iliyofupika haiwezi kuzitenganisha pleti. Fedha za giaboksi sijarudishiwa hadi leo.

Mwana_Likoni
Niwieni radhi. Ni ya 1968, na tatizo ni kutoachia. Asubuhi gia huingia vizuri, lakini nikikaa robo saa kwenye foleni ya feri huku nimeshika klachi, pikipiki hutaka kumpanda aliye mbele. Juzi niligusa mkokoteni wa madafu.

FundiWaTudor
Robo saa umeshika klachi! Hapo fimbo hiyo inapikwa. Tafuta nyutro wakati gurudumu bado linazunguka, kabla hujasimama. Kisha fungua kasha, shika klachi, piga kiki polepole ukiitazama sahani ya nje: ikiyumba, nati tatu za springi hazilingani. Kagua pia kikapu kinachobeba pleti, kwa kuwa masikio ya pleti huchimba mifereji na kunasa humo. Kuhusu pleti saba, mzee wangu aniruhusu nimpinge. Hizo hufaa kwa klachi inayoteleza. Kwa isiyoachia, mwachano uleule mdogo sasa unagawanywa kati ya pleti nyingi zaidi.

Mzee_wa_Muttrah
Hesabu yako ni nzuri kwenye karatasi, fundi, lakini yangu haijawahi kung'ang'ania. Pengine tofauti ni kwamba mimi hutia ATF, yaani oili ya giaboksi za otomatiki, kwenye kasha la cheni, nayo ni nyepesi kuliko oili ya injini.

BintiGereji
ATF sina ugomvi nayo, mradi isifike kwenye giaboksi. Huko natia oili ya 90 ya daraja la GL-4, kwa sababu bushi ni za shaba na sipendi kuzijaribishia GL-5 yenye salfa nyingi.

FundiWaTudor
Dada, hofu hiyo ni ya zamani. GL-5 nyingi za leo zina dawa ya kuilinda shaba, na nimefungua giaboksi kadhaa zilizoitumia nikakuta bushi zinang'aa.

BintiGereji
Zilikuwa zimetembea kilomita ngapi?

Mwana_Likoni
Nimeichomoa fimbo jioni hii. Ncha moja ni nyeupe, ya pili ina rangi ya kahawia, si buluu, na haikutandazika. Sahani inayumba kidogo sana. Mpwa amenipigia simu akisema duka linafungwa Jumamosi adhuhuri, nami nimemwambia achukue fimbo mpya na springi tatu, kisha asubiri kuhusu pleti. Hiyo kahawia inahesabika kuwa imeungua, au ni doa la oili tu?