Naomba ushauri: ada za wanachama na fedha za msaada zimo akaunti moja

Wakuu, habari zenu. Mimi ni mhazini mpya wa klabu ndogo ya kujitolea. Tunachangisha fedha kusaidia wagonjwa na wanafunzi wasiojiweza. Wanachama hatuzidi thelathini, na wanaolipa ada kwa wakati ni wa kuhesabika.

Shida ni hii. Klabu ina akaunti moja tu ya benki. Ada, michango ya wafadhili, mapato ya matembezi ya hisani, vyote vinaingia humo humo. Ada zikichelewa, kodi ya ukumbi na chai ya vikao vinalipwa kwa hela ya wagonjwa. Kwenye daftari nililokabidhiwa kuna mstari umeandikwa "azima, itarudishwa", hauna tarehe wala sahihi. Nikiuliza naambiwa sisi sote ni ndugu hapa.

Klabu za Lions (mtandao wa kimataifa wa klabu za kujitolea) wana kanuni kwamba fedha zilizochangwa na umma zirudi kwa umma, na uendeshaji ubebwe na ada. Kinachoruhusiwa kukatwa ni gharama za moja kwa moja za hafla yenyewe. Nataka nasi tufungue akaunti ya pili, kila moja na watia sahihi wawili. Mwenyekiti anasema makato ya benki yatatumaliza. Hoja yake ina uzito kidogo, sikatai.

Mliopitia haya: vitabu viwili vya hesabu ndani ya akaunti moja vinatosha, au mkaguzi atatukaba? Na hiyo "azima" niipeleke mkutano mkuu moja kwa moja, au nianze na kamati? Wengine wameshaanza kuninunia.