Naomba ushauri: nukta za mwaka kwenye shairi la Kiebrania la kumsifu Mannheimer

Wakuu, naomba msaada kwa wanaosoma mwandiko wa mkono wa Kiashkenazi (wa Wayahudi wa Ulaya ya kati na mashariki).

Shairi lenyewe ni ukurasa mmoja ulioandikwa kwa wino wa chuma (wino wa kale wenye chumvi ya chuma). Herufi za mwanzo wa mishororo sita ya kwanza zinatoa Yitzhak Noah, yaani Isaac Noah Mannheimer (1793–1865), mhubiri wa hekalu la Kiyahudi la mtaa wa Seitenstettengasse, Vienna, lililofunguliwa 1826.

Mwaka umefichwa katika mshororo wa mwisho kwa hesabu ya herufi, kama abjadi: unajumlisha herufi zenye nukta juu, unapata mwaka wa Kiyahudi bila elfu zake, kisha unaongeza 1240 kupata mwaka wa kawaida. Napata 614, yaani 1854. Lakini maneno yanamtaja mzee wa miaka 70, na alitimiza 70 Oktoba 1863. Hapo ilitakiwa 624, kwa kuwa kati ya mwaka mpya wa Kiyahudi (Septemba au Oktoba) na Desemba unaongeza 1239. Pengo ni 10, thamani ya herufi moja ya yod. Ipo yod katika mshororo huo, kijimkwaju kidogo tu, na juu yake kuna doa la kahawia lisilo duara kamili; likiwa ni nukta ya mwandishi, hesabu inatimia.

Nitajuaje kama ni wino au uchafu wa nzi? Chini ya taa ya urujuanimno wino wa chuma huwa mweusi kabisa. Je, uchafu huo nao hufanya hivyo?

La pili: wino umeanza kutoboa karatasi. Gundi ya maji naiogopa, inasambaza chuma. Nani ametumia karatasi nyembamba ya Kijapani iliyopakwa jelatini kuziba matundu kama hayo, na aliilowesha kiasi gani?