Maua ya Kitulo kwa kamera ya simu: nifanyeje?

Nesi wa Uyole:
Habari zenu wakuu. Mwaka jana mwezi wa pili nilipita hifadhi ya Kitulo, kule nyanda za juu kusini, na wenzangu, gari likasimama robo saa tu. Nilipiga picha kama 80. Kufika nyumbani, karibu zote ni doa jekundu katikati ya nyasi, hata sijui ni ua gani. Sasa nina likizo ya siku nne. Niende lini, nipite wapi, na simu niishikeje? Kamera sina.

Dereva Chimala:
Ukiwa Uyole pita Isyonje, ni karibu. Huku kwetu Chimala unapanda barabara ya Hamsini na Saba mpaka Matamba, na jina ndiyo idadi ya kona. Mvua ikinyesha gari dogo usilijaribu.

Binti Matamba:
Dada, karibu sana. Mimi nimekulia huku, baba alichunga ng'ombe huko juu kabla hapajawa hifadhi mwaka 2005. Mwezi wa pili ulipatia: maua yanaanza na mvua za Novemba mpaka Aprili. Beba sweta na koti la mvua, uwanda uko mita 2,600 hivi, ukungu unashuka saa yoyote. Huo ukungu usiukimbie, picha zinatoka vizuri kuliko jua la saa sita, maana jua kali linaunguza rangi nyekundu.

Kosa lako nadhani ulipiga umesimama. Piga magoti kando ya njia, simu iwe usawa wa ua. Gusa ua kwenye kioo, kisha shusha mwanga kidogo. Upepo ukivuma mgeuzie mgongo, ngoja. Mimi huwa nangoja hata dakika tano kwa ua moja.

Halafu piga NYUMA ya ua. Watu wengi hawafanyi hivyo. Okidi za Kitulo ni aina 45, na kwa mbele nyingi zinafanana. Ukiona vimkia viwili nyuma, hiyo ni Satyrium, kundi moja la okidi. Kimkia kimoja kinachotoka kwenye kile kikofia cha juu, hiyo ni Disa, kundi jingine. Piga na majani, na shina lote.

Na nakuomba kitu kimoja: ukiweka picha mtandaoni usitaje bonde. Viazi vya okidi vinachimbwa vikauzwe Zambia, wanavitwanga na karanga kutengeneza chakula kiitwacho chikanda. Kuna mwaka niliweka picha mtandaoni nikataja mpaka kijito. Niliporudi nilikuta vishimo, kila kimoja kinatosha ngumi, na maua yametupwa pembeni yamenyauka. Nililia. Siku hizi nikipandisha iNaturalist, ule mtandao wa picha za mimea na wanyama, naficha mahali.

Nesi wa Uyole:
Pole sana dada. Sitataja. Nimerudi kwenye zile 80, kuna moja nilipiga kwa ubavu bila kukusudia. Nikiikuza naona vimkia viwili! Rangi ya waridi. Ila majani sioni, shina limepanda lenyewe tu.

Binti Matamba:
Satyrium hiyo, hongera! Na majani yapo. Kuna ambazo majani yake makubwa yanatoka kwenye chipukizi la pembeni, si kwenye shina la maua. Ukirudi tafuta chini, karibu na shina, taratibu. Usilikanyage.