Mhusika wangu mbaya amekuwa mbaya tu. Nifanyeje?

Mwandika_Usiku
Habari zenu wakuu. Naandika riwaya yangu ya kwanza, nipo ukurasa wa 60. Kuna baba mwenye nyumba, nimemwita Mzee Kombo, nyumba yake ipo Ngamiani, Tanga. Anadai kodi ya miezi 6 kwa mkupuo, anatukana wapangaji, anamtolea mjane vyombo nje mvua ikinyesha. Dada yangu kasoma akaniambia, "Huyu si mtu, ni ubaya uliovaa kanzu." Imeniuma kwa kuwa ni kweli. Nikamfanya atoe sadaka msikitini, ndiyo kwanza akawa kama watu wawili walioshonwa pamoja. Wenzangu mnafanyaje?

Mwalimu_wa_Fasihi
Ndiyo ile habari ya mhusika bapa, mwenye sifa moja tu mwanzo hadi mwisho, na mhusika duara, mwenye pande nyingi kama mtu halisi. Bapa si kosa kila mahali. Katika *Kusadikika* (1951) Shaaban Robert alimwita waziri Majivuno, na jina likafanya kazi yake, maana ile ni istiara ya utawala. Lakini wewe umetuleta Ngamiani, mtaa tunaoujua. Hapo msomaji anatafuta mtu.

Fundi_Pindo
Mimi ni fundi cherehani mwaka wa 19 huu, hadithi naandika nikishafunga kibanda. Ile sadaka ni yako wewe mwandishi, unamwombea Kombo msamaha kwetu. Iondoe.

Nina mteja mmoja mtaa mzima unamwogopa kwa ulimi wake. Siku moja kaniletea shati jeupe, kola imelika mpaka nyuzi zinachungulia. Anataka niigeuze, upande wa ndani uje nje. Nikamwambia, mzee, ongeza kidogo upate shati jipya. "Geuza tu, fundi." Akasimama palepale muda wote ninaofumua, kiganja kakiweka juu ya meza, karibu kabisa na wembe wangu. Sikumuuliza. Sasa kila nikimsikia anafoka nalikumbuka lile shati. Ukali wake haujapungua hata chembe, ila namwona yeye.

Mpe Kombo shati lake, na usitueleze kwa nini analo.

Halafu msikilize anavyosalimia. Aliyelipa kodi anamwitikiaje? Anayedaiwa je? Kwa mama yake sauti inashuka? Mimi nikikwama naandika salamu 10 za mhusika na watu 10 mbalimbali. Nikifika ya saba hivi, anaanza kusema mambo ambayo sikumpangia.

Binti_wa_Pongwe
Na mjane naye umtazame. Mpaka sasa kazi yake ni kulowa. Ana deni la miezi mingapi? Alimdanganya Kombo mara ngapi?

Mwandika_Usiku
Fundi, nimekaa na salamu zako mpaka saa nane usiku. Binti, kumbe mjane ana deni la miezi 4 na alishamwambia Kombo mara mbili kwamba hela ipo njiani. Sadaka nimeifuta. Nimeandika hivi:

Mjane alipomwona mlangoni akasema, "Shikamoo, mzee." Kombo akaitika, "Marahaba, watoto wameamkaje?" kabla hajakumbuka kilichomleta. Akanyamaza kidogo. Kisha akaingia, akalishika pazia kwa mikono miwili, akaanza kulifungua kamba taratibu, asije akalichana.