Sanamu za barabarani: nani achague, jopo la wataalamu au wapita njia?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Kuna jambo linanikereketa tangu Agosti 2024, leo nimeona nilimwage hapa.

Mwezi ule Eldoret ilikuwa inapandishwa hadhi kuwa jiji la tano la Kenya. Barabarani zikasimamishwa sanamu za wanariadha, maana Eldoret bila wakimbiaji ni Tanga bila mkonge. Picha zilipoingia mitandaoni watu walicheka mpaka basi. Ukiambiwa huyu ni bingwa wa dunia, unaomba akuonyeshe kitambulisho. Haukupita muda, zikaondolewa.

Kila mtu alimcheka mchongaji. Mimi nawawaza waliokaa mezani kabla yake na baada yake. Lazima kuna mtu aliagiza, kuna mtu alipokea, kuna mtu alikubali zisimikwe. Hakuna hata mmoja aliyesema "jamani, hii hapana"? Waliosema ni wapita njia, tena bure, tena ndani ya siku moja.

Sasa tuseme kesho Dar inaandaa maonyesho ya sanamu za nje, miezi sita, kuanzia Mnazi Mmoja kushuka hadi Kivukoni. Wachongaji hamsini wanaleta mapendekezo, nafasi ziko kumi. Nani achague? Msimamo wangu: wakazi wapige kura kwa simu, kumi za juu zisimame. Habari za kamati tumezichoka. Karibuni tubishane.

Mzee wa Gerezani

Mwanangu, hoja yako ina mashiko, ila hiyo kura usiikimbilie.

Mjerumani aliusimamishia mji huu sanamu ya gavana wake, Hermann von Wissmann, na chini ya miguu yake akaweka askari mweusi anayemtazama juu kama anaomba ruhusa. Mwingereza alipoingia mwaka 1916 akaing'oa. Ikaishia Hamburg, kwenye viwanja vya chuo kikuu, mpaka wanafunzi wa huko walipoiangusha mwaka 1967. Ikarudishwa, wakaiangusha tena 1968. Huku kwetu jina lilibaki. Tumekua tukiwasikia wazee wakiiita ile ya askari pale Posta "sanamu ya Bismini". Wissmann huyo, kwa ulimi wa Kariakoo.

Na huyo askari wa shaba, ukumbusho wa Vita Kuu ya Kwanza, aliyezinduliwa 1927, alichongwa na Mwingereza, James Alexander Stevenson, akaonyeshwa kwanza London ndipo akapandishwa meli. Watu wa Piccadilly walimwona kabla ya watu wa Kisutu. Hakuna aliyepiga kura, na leo ukipotea mjini unamwambia mwenzio "nikute pale Askari".

Lakini kuna kitu hakikuulizwa. Ile ya Nairobi, ya vita hiyohiyo, ina watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Sisi tuna mtaa mzima unaoitwa Kariakoo, neno lililotokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi, na pale Posta mpagazi katajwa kwenye maandishi tu. Mwili wake haupo. Angeulizwa mkazi yeyote wa mwaka 1927, angesema: na waliobeba mizigo wako wapi? Kwa hiyo mimi nasema watu waulizwe mapema, kabla ya udongo kuguswa. Waulizwe tumchonge nani, tuchonge nini. Ukija kuwauliza ipi nzuri kati ya hizi hamsini, umeshachelewa.

Fundi wa Mwenge

Shikamoo mzee. Ndugu zangu, mimi nachonga, nimekula vumbi la mpingo toka niko darasa la sita.

Kura ya simu inachagua picha. Kijana mwenye kompyuta ataleta picha inayong'aa, jua linazama nyuma yake, njiwa wanaruka. Mimi nitaleta kipande cha mti cha urefu wa mkono, kimepigwa picha juu ya gunia. Nitashindwa asubuhi na mapema, na huenda yule kijana hajawahi kushika tezo.

Halafu hakuna anayeuliza kitu kitakaa vipi nje. Mpingo ni mali, lakini ni mali ya ndani. Uache kwenye mvua za masika, kisha jua liuwakie, usiku utausikia unalia "ka!", asubuhi una ufa wa kuingiza kidole. Chuma cha kawaida ukikiweka Kivukoni, upepo wa chumvi unakila, mwaka haujaisha kinatoa machozi mekundu mpaka kwenye msingi. Shaba haiogopi chumvi, inaogopa watu wa vyuma chakavu. Zege linafaa, ila nondo ikikaribia sana juu, unyevu wa chumvi unaifikia, inapata kutu, inavimba na kulipasua zege kwa ndani. Hayo mpiga kura atayajuaje?

Niwape na la kwangu. Ofisi moja, siitaji, iliniita nitengeneze simba wa kukaa getini. Wakanionyesha picha kwenye simu, kioo chenyewe kimepasuka. Nikaomba wiki mbili nifinyange mfano wa udongo wauone, wausahihishe. Wakasema mgeni rasmi anakuja Ijumaa. Nikafunga nondo usiku, nikapiga zege mchana, nikapaka rangi likiwa bado bichi. Akatoka simba mwenye uso wa mbwa aliyefiwa. Mpaka leo nikipita pale kwenye daladala nageukia dirisha la upande wa pili. Kwa hiyo wa Eldoret mimi sikumcheka. Sijui alipewa siku ngapi.

Ombi langu ni dogo: atakayefika mchujo wa mwisho alipwe kutengeneza mfano mdogo, ashinde asishinde. Mfano huo usogezwe mahali watu wanapita, wauzunguke. Sanamu ina mgongo, wakuu. Kwenye simu mgongo hauonekani.

Mpwani wa Mombasa

Ahsante fundi. Mimi naongeza lenye kuogopwa kusemwa: huku kwetu kuna watu wengi, na si wajinga, wasiotaka sanamu ya binadamu barabarani kabisa kwa sababu za dini. Ukileta kura, hao aidha watasusa au watapiga kura ya hapana kwa zote, na utasema wamekataa sanaa. Hawajakataa sanaa. Nenda Mji wa Kale utazame milango iliyochorwa nakshi, uniambie kama hao ni watu wasiojali uzuri.

Alama ya mji wetu ni zile pembe nne za tembo za Moi Avenue, mbili mbili zimepishana juu ya barabara. Ziliwekwa miaka ya 1950 kwa shughuli ya wageni wa kifalme wa Uingereza, ni alumini tupu, ukizigonga zinalia kama sufuria. Wenye kuziweka wameondoka, sisi twapiga picha za harusi hapo. Hazina uso wa mtu, hazimgombanishi mtu. Jopo lolote la pwani lisilo na anayelijua jambo hili litaharibu kazi siku ya kwanza.

Bint Unguja

Mimi niko London miaka kumi na moja, naomba nieleze wanavyofanya hapa, mseme wenyewe kama kuna la kuchukua.

Pale Trafalgar Square kuna misingi minne ya sanamu. Mmoja ulijengwa 1841 kwa ajili ya mfalme William IV juu ya farasi, pesa zikaisha, ukabaki mtupu zaidi ya miaka 150. Tangu 1999 wanaweka juu yake kazi za muda, moja baada ya nyingine. Wasanii wachache wanateuliwa, mifano yao midogo inaonyeshwa hadharani, watu wanaitazama na kutoa maoni. Anayeamua ni jopo. Maoni ya watu yanasomwa, hayahesabiwi kama kura za ubunge.

Mwaka 2018 aliwekwa pale fahali mwenye mabawa wa Ninawi, mji wa kale wa Iraki, yule ambaye wapiganaji wa ISIS walimvunja 2015, kajengwa upya na Michael Rakowitz kwa makopo 10,500 ya asali ya tende kutoka Iraki. Fundi, makopo hayo! Mwaka 2022 ikaja ya Samson Kambalu wa Malawi: mchungaji John Chilembwe amevaa kofia, kando yake mmisionari Mzungu, mdogo sana kwa umbo. Kofia yenyewe ndiyo kesi, kwani enzi zile Mwafrika hakuruhusiwa kuivaa mbele ya Mzungu. Chilembwe ndiye aliyeandika barua 1914 kulalamika kwamba Waafrika wanakufa kwenye vita isiyo yao, na mwaka uliofuata akauawa baada ya uasi wake dhidi ya Waingereza. Vita hiyo ndiyo ya huyo askari wenu wa Posta, mzee wangu. Nilisimama pale na mwanangu, akaniuliza kwa nini yule mwingine mdogo hivyo. Tulikaa nusu saa kwenye ngazi.

Kwa kura ya simu isingeshinda, naamini hivyo. Kwani wangapi walikuwa wakimjua Chilembwe?

Na lingine, kabla hamjasema "wachongaji wawe wazawa tu". Ile kumbukumbu ya watumwa pale Mkunazini, watu watano ndani ya shimo na mnyororo shingoni, ilichongwa na Clara Sörnäs, Mswidi, 1998. Wamewekwa chini ya usawa wa ardhi, kwa hiyo unalazimika kuinama kuwatazama. Mimi mtoto wa Malindi ya Unguja nimepita pale mara mia, na bado napunguza mwendo.

Kijana wa Tandika

Hospitali hazina dawa, nyie mnagawana nafasi za sanamu. Haya endeleeni.

Fundi wa Mwenge

Mdogo wangu, mimi sanamu ndiyo dawa yangu. Ndiyo ada ya wanangu.

Msafiri

Wanaotaka bosi mmoja achague yaishe, waende Dakar. Rais Wade wa Senegal alisimamisha Mnara wa Mwamko wa Afrika, ukazinduliwa 2010, mita 49, umejengwa na kampuni ya Korea Kaskazini. Maimamu wakalalamikia mavazi yale haba, wananchi wakalalamikia gharama, na rais mwenyewe akasema wazo ni lake, kwa hiyo asilimia 35 ya mapato ya wageni ni yake. Wageni wanakwenda, sikatai, hata mimi nilipanda. Lakini Msenegali niliyepanda naye teksi hakutaka hata kugeuza shingo.

Mleta mada

Wakuu, kura ya simu naiondoa. Fundi kanimaliza kwa mgongo wa sanamu.

Ila kwa wataalamu peke yao bado sijasalimu amri. Basi tuseme hivi: watu wa eneo husika waulizwe kwanza tuchonge nini, kama alivyosema mzee. Mifano ilipiwe, ikae wiki tatu pale Mnazi Mmoja, siyo kwenye ukumbi wenye kiyoyozi ambao mlinzi anakuuliza unakwenda wapi. Jopo la watu saba: awemo mchongaji asiye na kazi shindanoni, awemo fundi wa zege, awemo mkazi wa hapo, awemo mtu wa kuelewa anachosema Mpwani. Wakichagua, waandike sababu kwa Kiswahili cha kawaida, na majina yao chini. Eldoret ingekuwa na hiyo karatasi, tungekuwa na mtu wa kumuuliza. Hapo nani anapinga?

Mzee wa Gerezani

Sipingi. Ongeza wa nane, atakayesema nani anapanda ngazi kuosha. Jana nimepita pale Askari, kunguru wawili wamekaa kichwani, na bega zima limekuwa jeupe.