Naomba ushauri: keria na mabegi ya pembeni kwenye Transalp ya 1991

Habari zenu wakuu. Niko Dar, nina pikipiki Honda Transalp XL600V ya 1991. Desemba naenda nayo Iringa, nataka mabegi ya pembeni ya kuchomoa.

Fundi wa Gerezani alinichomelea keria ya bomba la nusu inchi. Sijafika hata Chalinze, ikapasuka palepale ilipochomelewa, jirani na bolti ya juu. Nimeweka mpira kwenye bolti, mtikisiko umepungua kidogo tu. Kulia nako ekzosi imekaa juu, kona ya begi la turubai imeanza kuyeyuka. Imeniuma, pikipiki hii naipenda mno.

Je, nikiunganisha keria zote mbili (ya kushoto na ya kulia) kwa chuma kimoja nyuma ya namba itatulia, au nibadili bomba? Na begi la kulia, bati la kukinga joto linatosha?